Pua ya Orpa

Kwa miaka kumi na mmoja Orpa alishona nguo katika kibanda chake karibu na soko la Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, na muda wote huo hakumwambia mtu yeyote kwamba mama yake alikuwa mpika lutuku, ile pombe kali ya mihogo. Pasta Jules hakujua. Bamama wa kikundi cha maombi, ambao Orpa mwenyewe ndiye aliyewaongoza kila Alhamisi, hawakujua. Hata binti yake Charlotte, msichana wa miaka kumi na tisa, alichojua ni kwamba bibi yake aliitwa Eugénie, kwamba alilima mihogo Mboko, kando ya ziwa kule Fizi, Kongo, na kwamba alifariki kabla vita havijawatawanya. Yaliyobaki Orpa aliyameza.

Alikuwa na sababu zake. Kachasu, gongo ya Malawi, ilikuwa imevunja nyumba nyingi pale Dzaleka, na kanisani sauti iliyoikemea kwa nguvu zaidi ilikuwa yake. Angeanzaje kusimama Jumapili aseme kwamba daftari zake za shule, viatu vyake vya ubatizo, hata blauzi aliyoivaa siku alipookoka, vyote vilitoka ndani ya pipa la lutuku?

Lakini pua haifichiki. Mteja akileta kitambaa, Orpa alikinusa mara moja akamwambia kama kilihifadhiwa pamoja na sabuni au pamoja na samaki. Akipita mbele ya nyumba ya jirani aliita, “Mama, geuza maharage yako,” na jirani akikimbilia jikoni alikuta ndiyo kwanza yanaanza kushika chini. “Ni zawadi ya Mungu,” watu walisema. Orpa aliitikia amina na kuendelea kukanyaga cherehani.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita, majira ambayo baridi ya wilaya ya Dowa huwafanya watu wavae makoti hata ndani ya nyumba, Hubert alisimama mlangoni pa kibanda. Hubert alikuwa mtu wa Bukavu, amesoma kemia. Alipofika Dzaleka alifundisha kidogo, kisha akapata kazi Lilongwe na kibali cha kuifanya. Alikuwa mpole, mwenye kusema polepole kama mtu anayesahihisha mitihani.

“Mama Charlotte, niko na kazi yako,” alisema. “Tabliye sita. Za turubai nzito, mufuko mbele, kamba ya kufunga nyuma.”

“Za hospitali?”

“Hapana. Za pale fashi natumikaka kazi. Tunatengenezaka vodka, na mihogo.”

Mguu wa Orpa ukasimama juu ya kanyagio.

“Na mihogo,” alirudia.

“Na mihogo, mama. Lakini si lutuku, usiogope. Ni kitu propre, safi kabisa. Haina rangi, haina harufu, hatutiake kitu ndani ya kuleta utamu. Njo vile inapaswa kuwa.”

“Kitu yenye haina harufu haiko,” Orpa alisema, na mara akajuta kwa kuwa alisema upesi mno. Hubert alicheka tu, akampa vipimo, akaenda zake.

Wiki nzima Orpa alishona zile aproni huku Mboko ikimrudia bila kubisha hodi. Aliliona pipa juu ya mafiga matatu, limezibwa kwa udongo na majani ya ndizi. Aliliona bomba lililopita ndani ya mtumbwi mbovu uliojazwa maji baridi, na mama yake amechuchumaa mwishoni mwa bomba na vibuyu vitatu. Kibuyu cha kwanza kilikuwa cha kichwa, yale matone ya mwanzo yanayonuka kama rangi ya kucha. Cha pili kilikuwa cha moyo, yale ya katikati, ndiyo ya kunywa. Cha tatu kilikuwa cha mkia, yale yanayotoka mwishoni wakati moto umechoka. Wapikaji wengine walichanganya vyote wakauza. Eugénie alimwaga kichwa chini kila mara, nyumba iwe na unga au isiwe na unga, na majirani walimwona mwenda wazimu mpaka siku mtu mmoja wa Mboko alipokunywa lutuku ya mpika mwingine arusini, akaamka asubuhi jua likiwaka akauliza mbona hakukuchi.

Orpa alipokuwa na miaka kumi na mmoja, mama yake aliugua homa ndefu. Homa ikaondoka na pua yake. Tangu hapo mtoto ndiye aliyenusa, na mama alibadilisha kibuyu pale mtoto alipomgusa bega. Miaka sita walifanya kazi hivyo, bega na mkono, karibu bila maneno.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Eugénie alipenda kulisema. Alisema ndani ya moyo kuna moyo mwingine. Kabla homa haijamchukulia pua, mara mbili au tatu maishani mwake aliwahi kuyakuta matone machache, katikati kabisa ya upishi, ambayo hayakunuka pipa wala moshi wala chachu. Aliyakinga kwa kijiko. Alipoleta kijiko puani mara ya pili, hayo yalikuwa yamekwisha kuwa lutuku kama lutuku nyingine. “Pipa letu haifikake kule,” alimwambia Orpa. “Lakini kule kuko.”

Aproni zilipokwisha, Orpa aliomba kibali cha kutoka kambini siku moja. Mahali pa sababu akaandika: kupeleka nguo za kazi. Haukuwa uongo.

Gari la kina Hubert lilikuwa limekwenda Mponela kuchukua makaka, ile mihogo iliyokaushwa, na wakati wa kurudi likampitia Orpa barabarani. Alikaa mbele na dereva, furushi la aproni magotini. Magunia yalikuwa nyuma, dirisha lilikuwa limefungwa kwa ajili ya baridi, lakini harufu ilipenya hivyo hivyo, ile harufu kavu yenye uchachu kwa mbali, kama ukuta wa nyumba mpya. Dereva alimwuliza kwa Kichewa kama anaumwa. Orpa akasema hapana, anawaza tu.

Kiwanda chenyewe kilikuwa Mchesi, mtaa wa Lilongwe, nyuma ya msururu wa maduka ya magodoro na vyuma. Kwa nje kilikuwa jengo la matofali kama ghala lolote. Hubert alimfungulia mlango, naye akaingia hatua tatu, akasimama.

Mbele yake ulikuwa mtambo wa shaba. Chini ulikuwa na tumbo la mviringo, kubwa kuliko pipa lolote alilowahi kuliona, na juu ya tumbo ilisimama nguzo ya shaba iliyokwenda juu, juu, karibu iguse bati. Kwenye nguzo kulikuwa na vidirisha vya kioo, kimoja juu ya kingine, na nyuma ya kila kioo kitu cheupe kilikuwa kikichemka na kucheza. Shaba ilikuwa imesuguliwa mpaka Orpa alijiona ndani yake, mwembamba na mrefu, na furushi kifuani.

“Kila dirisha ni sahani,” Hubert alieleza. “Mvuke unapanda, unafika ku sahani, unageuka maji, unapikwa tena, unapanda tena. Sahani moja ni kama kupika mara moja.”

“Ziko ngapi?”

“Kumi na sita.”

Orpa alizihesabu mwenyewe kwa macho. Mama yake alipika lutuku mara mbili, na watu walimsema kwamba anamaliza kuni za Mboko yote. Mara kumi na sita! Alitamani kuvua viatu.

Mwenye kiwanda alitokea nyuma akifuta mikono. Aliitwa Tiyamike Msosa, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, nywele fupi, aliyesomea mambo ya vyakula na kurudi nyumbani na wazo ambalo ndugu zake wote walilicheka. Alipokea aproni, akavaa moja palepale, akajigeuza, akavuta mishono kuona kama itaachia. Haikuachia. “Zikomo kwambiri, amayi,” alishukuru, na uso wake ukafunguka. Kisha ukajifunga tena, akamgeukia Hubert na kumwambia jambo kwa Kichewa cha haraka. Kichewa cha Orpa kilikuwa cha sokoni, lakini alikipata kiini chake. Walikuwa na shida. Walitakiwa kupima vodka siku hiyo, kabla ya kujaza chupa zao za kwanza kabisa, na mpimaji wao wa tatu alikuwa amelala na malaria.

“Mama Charlotte,” Hubert alisema, “tunakosa pua moja. Pale Dzaleka kila mutu anajua yako.”

“Mi sikunywaka.”

“Si kunywa. Kunusa tu. Na ata sisi benye tunaonja, tunatemaka mu ndoo. Hakuna mwenye anameza.”

Orpa alitazama ile nguzo ya shaba. Alijiambia kwamba kunusa hakujakatazwa mahali popote, kwamba kila siku ananusa kachasu ya watu bila kutaka. Akaketi.

Waliweka mbele yake glasi tatu ndogo, zenye tumbo pana na mdomo mwembamba, za kukusanya harufu. Ndani yake kulikuwa na vodka iliyotiwa maji, nusu kwa nusu, ili ukali usiifunge pua. Hubert alimwelezea mtihani. Kulikuwa na matangi mawili, la kwanza na la pili. Vipimo vyote vilisema yaliyomo ni sawasawa. Katika glasi hizi tatu, mbili zilitoka tangi moja na moja ilitoka lile jingine. Kazi yake ilikuwa kuitoa iliyo peke yake, kama inatambulika. Yeye na Tiyamike walikuwa wamejaribu asubuhi yote, na majibu yao yalikuwa ya kubahatisha tu.

Orpa hakutumbukiza pua ndani ya glasi kama Hubert alivyomwonyesha. Alifungua mdomo kidogo, akaipitisha glasi polepole chini ya kidevu, kushoto kwenda kulia, jinsi alivyofundishwa kupitisha kibuyu. Tiyamike aliona hivyo akaweka kalamu chini.

Glasi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Akarudi ya kwanza, akaisukuma mbele kwa kidole.

“Hii.”

Tiyamike aligeuza glasi, akatazama alama chini yake. Alizichukua zote nyuma ya pazia, akazipanga upya.

“Hii,” Orpa alisema tena.

Mara ya tatu, hii. Mara ya nne alikaa muda mrefu zaidi kwa sababu mtu alikuwa amepita nje na moshi wa pikipiki ukaingia. Akangoja utoke, kisha akasukuma ile ya katikati. Mara ya sita Tiyamike hakugeuza glasi tena. Alivuta kiti, akaketi mbele ya Orpa, akamtazama usoni, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa mahali asipojulikana.

“Inanuka nini?” aliuliza kwa Kichewa.

Hapo maneno ya sokoni yalimwishia Orpa. Akamgeukia Hubert.

“Mwambie, inanuka blanketi. Yenye balikunja mbele ikauke muzuri. Iko mbali, mbali sana, lakini iko. Njo mkia, Hubert. Mkia uliingia mu moyo. Mwenye alikuwa anapika ile siku alichelewa kugeuza.”

Hubert hakutafsiri. Alisimama na mkono juu ya meza, na Orpa akaona macho yake yakienda kwenye tangi la pili na kubaki pale, akaelewa. Ni yeye aliyelipika. Chumbani mle hakukuwa na mwingine aliyesikia Kiswahili. Angeweza kusema mama huyu ananusa udongo, au sabuni, au hajui aseme nini.

“Akuti chiyani?” Tiyamike aliuliza. Anasemaje?

Hubert akaondoa mkono mezani. Kisha akatafsiri, neno kwa neno, na Kichewa chake kilikuwa cha polepole kiasi kwamba Orpa alikifuata chote. Alisema blanketi. Alisema mkia. Alisema mpishi alichelewa. Na mwisho akasema, “Ndi ine.” Ni mimi. Akaeleza kwamba siku ile simu iliita kutoka Bukavu, baada ya siku tisa za kutopata habari za kaka yake, akatoka nje kuipokea. Dakika saba. Aliporudi vipimo vilikuwa sawa, akajiambia ni sawa.

“Kaka yako yuko hai?” Tiyamike aliuliza.

“Yuko hai.”

Tiyamike hakungoja zaidi. Aliinuka, akaenda kwenye tangi la pili, akakaza bomba lake, akachukua chaki na kuandika neno moja la Kichewa juu ya chuma: kubwereza. Kurudia. Lita mia na arobaini. Mikono yake haikusita. Orpa alimwona Eugénie amesimama pale, anamwaga kibuyu chini huku majirani wakimcheka.

“Mimi na mashine zangu zote hatukuziona dakika saba,” Tiyamike alisema, akiwa bado amewapa mgongo. “Huyu mama ameziona kwa pua.”

Kisha akafungua kabati na kutoa chupa isiyo na karatasi yoyote. Hii aliikinga kando kabla haijaingia tangi la kwanza, alisema, katikati kabisa ya upishi alioufanya mwenyewe mwezi wa pili, akaitia maji, ikakaa gizani tangu siku ile. Hakuna aliyeionja bado. Alitaka Orpa awe wa kwanza.

Akamimina kidogo. Kinywaji kilikuwa angavu kuliko maji. Orpa alikiinua, akakipitisha chini ya kidevu.

Hakukuwa na kitu.

Akakipitisha tena. Hakuna. Hofu ikamshika, ile hofu aliyoiona machoni mwa mama yake baada ya homa. Upesi akanusa mkono wa blauzi yake. Mafuta ya cherehani, sabuni ya kipande, moshi wa asubuhi. Pua ilikuwepo. Akairudia glasi na safari hii hakuitafuta harufu. Akatulia tu, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyefika kwa watu na mwenye nyumba hajatoka.

Na ikaja.

Haikuja kama harufu. Ilikuja kama ubaridi kwanza, ubaridi wa jiwe lililo chini ya maji yapitayo. Halafu, ndani ya ubaridi, utamu mdogo, mdogo mno, wa muhogo mbichi unapouvunja kwa mikono miwili na ile nyama yake nyeupe inatoa unyevu. Hakuna pipa. Hakuna moshi, hakuna chachu, hakuna udongo wa kuzibia. Kila kitu kilikuwa kimeondolewa, mara kumi na sita, na baada ya kuondolewa vyote, kumbe muhogo ulikuwa bado upo. Ulikuwa pale peke yake. Kisha ukatoweka. Orpa hakusogea. Ukarudi.

Hubert alimsogezea ndoo ya kutemea. Orpa alisikia chuma kikikwaruza sakafu, lakini ilikuwa kama sauti inayotoka nyumba ya tatu. Aliiinua glasi, akainywa.

Ilikuwa laini. Yeye alingojea moto, kwa kuwa lutuku huingia mdomoni na moto, lakini hii ilitanda ulimini kama tone la mafuta ndani ya maji ya vuguvugu. Ilikaa. Ikawa nzito kidogo, ikawa tamu bila kuwa na sukari, na pembeni mwa ulimi ikagusa kama punje ya pilipili manga. Halafu joto likashuka taratibu kifuani, likafunguka pale, na hapo ndipo alipogundua kwamba amemeza. Ndoo ilikuwa palepale mguuni pake, kavu.

“Mama Charlotte,” Hubert aliuliza kwa wasiwasi, “iko mbaya?”

“Nyamaza kidogo.”

Alilia bila sauti, mikono imeishika ile glasi tupu. Wakamwacha. Mtambo uliendelea kuchemka nyuma ya vidirisha vyake. Baada ya muda alianza kusema, na yale aliyoyameza miaka yote ile yalimtoka yenyewe: Mboko, vibuyu vitatu, kijiko, bega la mama yake. Hubert alitafsiri yote.

“Mama yangu alisemaka kule kuko,” Orpa alimalizia. “Bantu bote balimuona mujinga. Mi pia, minasema ukweli, mi pia nilimuonaka mujinga. Sasa nimefika.”

Tiyamike alimimina kidogo katika glasi yake mwenyewe. Hakupima chochote, hakuandika. Alifungua mdomo kidogo, akaipitisha glasi chini ya kidevu, kushoto kwenda kulia, akangoja. Orpa alimtazama uso. Aliona wakati ilipomfikia, kwa sababu mabega yake yalishuka.

Kabla Orpa hajaondoka, Tiyamike alimwomba aje mara moja kila mwezi kunusia matangi, na kazi hiyo ilipwe kama kazi ya fundi. Orpa alisema atajibu. Alikuwa na watu wa kuwaambia kwanza.

Charlotte ndiye aliyekuwa wa kwanza. Orpa alifika jua likiwa bado juu, akamkuta anasonga nsima, akamwambia yote akiwa amesimama, kabla ujasiri haujamkimbia. Alingoja aibu. Alingoja acheke. Charlotte alitua mwiko.

“Miaka yote ulikuwa unaniambia koko, mama yako, alikuwa mulimaji tu.”

“Alikuwa mulimaji.”

“Mama, ulinificha koko.” Msichana alianza kulia kwa hasira. “Nilikuwa naulizaka, we unasema alilima, akafa. Nilifikiria labda hakukuwa kitu cha kusema. Kumbe alikuwa mutu wa hivi!”

Orpa akaketi. Hilo lilimchoma kuliko lolote ambalo kanisa lingeweza kumfanyia. Nsima ikaungua chini na kwa mara ya kwanza hakuisikia.

Alhamisi alisimama mbele ya kikundi cha maombi, na Pasta Jules ameketi pembeni. Hakuzungusha maneno. Alisema mama yake alipika lutuku, alisema yeye ndiye aliyekuwa pua ya mama yake, alisema alichokifanya Mchesi na kazi aliyoombwa kule.

“Lakini ulitema,” Mama Arlette alisema upesi, akimfungulia mlango wa kutokea. “Si unasema wale batu banatemaka?”

“Hapana, mama. Nilimeza.”

Arlette, rafiki yake wa tangu siku ya kwanza Dzaleka, alitazama chini. Mama mmoja wa nyuma alisema ni haya kubwa, wengine wakaitikia. Pasta aliwasikiliza wote, kisha akatoa uamuzi. Orpa asiongoze maombi kwa miezi mitatu, akae benchi la nyuma. Kuhusu kazi ya kunusa, alisema hajaona andiko linalomkataza mtu kutumia pua aliyopewa, ila ndoo iwe karibu. Mmoja au wawili walicheka. Orpa alikubali yote. Alishangaa jinsi kifua chake kilivyokuwa chepesi.

Bamama walipotoka, pasta alibaki akikusanya vitabu vya nyimbo, na alipoona wamebaki wawili tu, akasogea.

“Mama Orpa. Banasema vodka haina harufu hata kidogo. Ni kweli?”

“Iko nayo, pasta,” alisema. “Lakini haikujake kama unaifukuza.”

Pasta alitikisa kichwa mara kadhaa, akavipanga upya vitabu ambavyo tayari vilikuwa vimekaa vizuri.

Mwezi uliofuata Orpa aliomba kibali cha watu wawili. Charlotte alivaa sketi yake ya kanisani. Walipoingia kile chumba cha Mchesi, Hubert alikuwa amesimama mbele ya mtambo, simu ameiacha mezani kwa Tiyamike, macho hayabanduki kwenye bomba linalotiririka. Aliinua mkono kuwasalimu bila kugeuka. Charlotte alipiga hatua chache, akainua uso kuifuata nguzo ya shaba, dirisha baada ya dirisha, hadi juu kabisa, na midomo yake ikawa inasogea. Alikuwa anahesabu. Orpa akampa nafasi, akasimama nyuma yake na kungoja afike mwisho.